Kanyaga Ndani, Pungua Taratibu: Vidokezo 13 vya Baiskeli ya Mazoezi

Mtu akinenepa, kila anayempenda humshauri akimbie. Anaamka alfajiri, anavaa raba, anaingia barabarani. Wiki haijaisha magoti yanawaka moto, na raba zinarudi uvunguni mwa kitanda. Kwa mtu huyo baiskeli ya mazoezi ni bora kuliko mbio, kwa sababu uzito wake unabebwa na kiti. Miguu inasukuma pedeli bila kupokea kishindo cha kila hatua. Isitoshe, hakuna bodaboda wa kukukwaruza, hakuna mvua, hakuna macho ya mtaa, na unaweza kukanyaga saa tatu usiku watoto wamelala. Nimeona watu wakipungua kwa baiskeli hizi, na nimeona wengine wakiumia au wakikata tamaa kwa mambo ambayo yangeepukika. Haya ndiyo ningemwambia ndugu yangu anayetaka kuanza.

1. Piga hesabu ya kweli kabla hujapanda

Matangazo yanaahidi kilo kumi kwa mwezi. Achana nayo, uchukue kalamu.

Wataalamu wa mazoezi wana kanuni rahisi ya kukadiria. Chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa 7, halafu zidisha kwa saa ulizokanyaga. Hiyo 7 ni ya mwendo wa wastani, ule unaokutoa jasho huku bado unaweza kuongea. Mtu wa kilo 90 akikanyaga nusu saa anapata 90 × 7 × 0.5, yaani kalori 315. Akifanya hivyo siku tano kwa wiki, ametumia kama kalori 1,575.

Sasa kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700. Gawanya mwenyewe utaona: kwa baiskeli peke yake, sahani ikibaki kama ilivyo, kilo moja inachukua takriban wiki tano. Wengi wakilisikia hili wanavunjika moyo. Lakini mtu yule yule akipunguza pia kalori 400 za chakula kwa siku, wiki moja inampa 2,800 za sahani na 1,575 za pedeli, jumla 4,375. Hiyo ni zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Kwa miezi mitatu ni kilo saba hivi kwenye karatasi, na mwilini pungufu kidogo, maana mwili ukishakuwa mwepesi hutumia nishati ndogo kuliko mwanzo.

Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Anayekuahidi zaidi ya kilo moja kwa wiki, mfululizo, muulize anakuuzia nini.

2. Pima kiti kwa kisigino

Magoti mengi yanayouma kwa baiskeli ya ndani yameumizwa na kiti. Mtu anainunua, anaikuta na urefu uliowekwa dukani, anapanda hivyo hivyo, na baada ya siku chache anasema baiskeli haimfai.

Fanya hivi. Simama kando yake na uweke kiti usawa wa mfupa wa nyonga. Hapo ni pa kuanzia tu. Panda, weka kisigino juu ya pedeli, kisha izungushe taratibu mpaka ifike chini kabisa. Mguu unyooke, na kalio lisiinuke kuufuata. Goti likiwa bado limekunjika, pandisha kiti tundu moja. Ukiona unajinyoosha kuifikia pedeli, teremsha. Baada ya hapo rudisha mguu mahali pake, ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole ikae katikati ya pedeli. Sasa kila pedeli inapofika chini goti litakuwa limekunjika kidogo, na ndivyo linavyotakiwa.

Kiti kina pia mbele na nyuma. Pedeli zikiwa usawa mmoja, goti la mguu ulio mbele liwe juu ya pedeli yake. Usukani nao uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Mwenye kitambi akiinama sana anabanwa pumzi, na kiuno kitamsumbua kesho yake.

Ukipata vipimo vyako, viandike kwenye kipande cha plasta ukibandike kwenye chuma cha kiti, maana nyumba ina watu wengi na kila mmoja atapanda na kushusha. Na ukumbuke hili siku goti likianza kulalamika: likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno, likiuma nyuma, kiko juu mno.

3. Wiki mbili za kwanza, jizuie

Hiki ndicho kidokezo ninachokisisitiza kuliko vyote, kwa sababu watu wanaishia hospitali.

Mazoezi ya baiskeli ya darasani, yenye muziki wa nguvu na mwalimu anayepaza sauti mbele, yalianzia Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1980. Johnny Goldberg, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini, alijitengenezea baiskeli ya ndani akijiandaa na mbio za kuvuka Marekani. Maana yake ni kwamba mazoezi haya yalibuniwa na mwili uliozoea masafa. Mtu aliyekaa ofisini miaka kumi akiingia darasa hilo siku ya kwanza na kukazana na wenzake kwa dakika 50, misuli ya mapaja inaweza kuharibika kabisa. Vipande vyake huingia kwenye damu na kuumiza figo. Madaktari wa nchi mbalimbali wameripoti hali hii kwa watu waliohudhuria darasa la baiskeli kwa mara ya kwanza, wakiwemo vijana wenye afya njema.

Dalili zake zijue. Mapaja yanauma kupita kiasi, yanavimba, unashindwa kuteremka ngazi, na mkojo unakuwa mweusi kama soda ya kola. Ukiuona mkojo wa namna hiyo baada ya mazoezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usinywe dawa ya maumivu ukalala.

Kwa hiyo anza na dakika 10 hadi 15, ugumu mdogo, siku moja unakanyaga, siku moja unapumzika. Wiki ya pili fika dakika 20. Ukishuka ukajisikia ungeweza kuendelea, umefanya sawasawa.

4. Kipimo chako ni maneno

Saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo ni nzuri, ila si lazima. Ukiwa unakanyaga, ongea. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini ukashindwa kuimba, uko kwenye mwendo wa wastani. Ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, umeingia mwendo mkali. Ukiweza kuimba ubeti wote, kaza kidogo nobu ya kuongeza ugumu.

Wanaopenda namba watoe umri wao kwenye 220. Mwenye miaka 45 anabaki na 175, na mwendo wa wastani kwake ni kati ya mapigo 112 na 133 kwa dakika. Ni makadirio, watu hutofautiana. Na wanaotumia dawa za presha kama atenolol au propranolol wasiitumie kabisa hesabu hii: dawa hizo huzuia moyo kupiga haraka, hivyo mtu anaweza kujichosha vibaya akisubiri namba ambayo moyo wake hautaifikia. Kwao kipimo ni maneno.

Kasi ya miguu nayo ihesabu. Tazama goti la kulia likipanda kwa sekunde 15, uzidishe kwa nne. Mara 20 ni mizunguko 80 kwa dakika, na hapo ni pazuri. Miguu ikizunguka kama feni bila uzito wowote, unapoteza muda. Ikizunguka mara 40 huku unasukuma kwa kukunja uso, magoti ndiyo yanayolipa.

5. Dakika zinajumlishwa

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mwongozo wa zamani ulitaka kila kipindi kifike angalau dakika 10. Sharti hilo limeondolewa. Dakika 12 asubuhi kabla ya kuoga na 18 jioni baada ya kutoka kazini ni nusu saa kamili.

Mama mwenye mtoto mchanga na baba anayerudi nyumbani saa mbili usiku wanahitaji sana kulijua hili, kwa sababu ndio wanaosema hawana saa nzima. Hawaihitaji.

6. Jasho si mafuta

Ingia ukumbi wowote wa mazoezi utamkuta mtu amevaa koti la nailoni, amejifunga mfuko wa plastiki tumboni, anakanyaga huku maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Anashuka, anapanda mzani, anafurahi: kilo moja imeondoka. Ile kilo ni lita moja ya maji. Akinywa, inarudi. Asipokunywa, damu inazidi kuwa nzito, moyo unahangaika, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuanguka.

Nje, upepo wa mwendo hukausha jasho na kuupoza mwili. Ndani hakuna upepo huo, ndiyo maana unalowa chapachapa ndani ya dakika kumi. Washa feni ielekee kifuani. Fungua madirisha. Tandika taulo juu ya usukani, chupa ya maji iwe karibu, unywe mafunda machache kila baada ya muda. Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja maji ya kawaida yanatosha. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye sukari vinakurudishia kalori ulizozitoa hata kabla hujashuka.

7. Vita kubwa iko jikoni

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, tena kwa nia njema kabisa. Mtu amekanyaga nusu saa, ana njaa, na moyoni anajiambia amestahili. Soda ya nusu lita ina kalori karibu 200. Chipsi mayai sahani moja inameza nusu saa yote na kubakiza deni.

Anza na chai. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4, kalori 16. Anayeweka vijiko vitatu, akanywa vikombe vinne kwa siku, amekunywa kalori 192 bila kula chochote. Shuka kijiko kimoja kila wiki mbili. Ulimi huzoea, niamini.

Kisha mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Watu wengi hawapimi, wanaelekeza chupa kwenye sufuria. Weka kijiko ndani ya kopo la mafuta na uwe na idadi: vijiko vitatu kwa mboga ya familia, basi. Watu wa pwani, kwenye mchuzi wa samaki au kisamvu punguzeni kasimele, mpikie tui la pili. Ladha ya nazi inabaki. Maandazi na chapati ziwe za Jumapili.

Sijasema uache ugali wala wali. Punguza tonge, ongeza mboga: nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kabichi au kachumbari, robo iwe samaki, dagaa, maharage, kuku au mayai, robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi. Maharage na mboga za majani hushibisha muda mrefu kwa sababu ya nyuzinyuzi, na protini huilinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta.

Wanaokula sinia moja wana kazi ya ziada, kwa kuwa huwezi kujua umekula kiasi gani. Pakua chakula chako kwenye sahani, kaa pale pale na wenzako, kula nao. Wala usijipikie sufuria ya peke yako. Chakula cha mgonjwa hakidumu. Chakula cha nyumba nzima kikibadilika kidogo, ndicho kinachodumu.

Na ile namba ya kalori kwenye kioo cha baiskeli isikudanganye. Kama hukuiingizia uzito wako, inakisia, na mara nyingi inakisia juu.

8. Baada ya mwezi, cheza na ugumu

Mwili huzoea. Zile dakika 30 zilizokuwa zinakuchosha mwezi wa kwanza, mwezi wa pili unazimaliza huku unatazama tamthilia. Sasa ongeza mawimbi. Kanyaga kwa upole dakika 5 kupasha mwili joto. Kaza nobu mpaka uwe unatoa maneno mawili matatu tu, kaa hapo dakika 1, legeza dakika 2. Rudia mara sita. Malizia na dakika 5 za upole. Jumla dakika 28. Fanya hivi mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane, na siku nyingine endelea na mwendo wako wa maongezi.

Utasikia pia habari za mazoezi ya dakika nne yanayoyeyusha mafuta: sekunde 20 kwa nguvu zote, sekunde 10 kupumzika, mara nane. Yanaitwa Tabata, kwa jina la mtafiti Izumi Tabata wa Japani, ambaye utafiti wake wa mwaka 1996 ulifanywa kwa baiskeli za ndani hasa. Ulipima pumzi na uwezo wa misuli wa vijana wanamichezo, na walifaidika kweli. Haukuwa utafiti wa kupunguza unene, na ukali wake si wa mtu anayeanza. Usikubali mwalimu akuanzishie hapo.

Ukitaka burudani, tafuta video za mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yaliyofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Wakipanda kilima cha Kimihurura chenye mawe, kaza nobu nawe. Wakiteremka, legeza. Ni njia nzuri ya kupata mawimbi bila kutazama saa.

9. Masikio yapate kazi

Kuchoka kwa baiskeli ya ndani mara nyingi huanzia akilini. Unatazama ukuta, ukuta unakutazama. Taarabu ya kisasa inafaa sana kwa mwendo wa upole, kwani wimbo mmoja unaweza kupita dakika 10 na ukapasha mwili joto wote. Bongo Fleva ni nzuri kwa mawimbi: ubeti unakaa, kiitikio unakaza. Mashabiki wa mpira mna bahati zaidi. Kipindi cha kwanza cha Simba na Yanga ni dakika 45; kanyaga mpaka filimbi ya mapumziko.

10. Mavazi, na vidole vya watoto

Dera, kanga na suruali pana zinanaswa na pedeli. Vaa taiti au bukta, na raba ya soli ngumu, kandambili hapana. Dada anayependa stara, hii ndiyo faida kubwa ya kufanyia nyumbani: funga mlango, vaa kinachokuruhusu kukanyaga.

Kiti kitakuumiza makalio siku za mwanzo. Kwa wengi hupita ndani ya wiki mbili. Kaptula ya baiskeli yenye sponji husaidia, na inavaliwa bila chupi ndani, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayochubua.

Baiskeli nyingi za mtindo wa darasani zina gurudumu zito la mbele ambalo halisimami ukiacha kukanyaga. Linaendelea na kuzivuta pedeli. Usijaribu kulizuia kwa miguu. Bonyeza nobu ya breki mpaka lisimame, ndipo ushuke. Na kama una watoto wadogo, kaza nobu hadi mwisho kila unapomaliza, na uwaweke mbali wakati unakanyaga. Kidole cha mtoto kikiingia kwenye cheni au gurudumu linalozunguka, kinaweza kukatika.

11. Ukinunua ya mtumba

Siyo lazima iwe mpya. Baiskeli za mazoezi zilizotumika zinazotoka Ulaya na kwingineko zinauzwa mijini, na nyingine ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Lakini ipande kabla hujalipa. Kanyaga dakika tano, usikilize: ikilia kwa kusaga, beringi zimekwisha, ikigonga kila mzunguko, mkono wa pedeli umelegea. Tikisa kiti na usukani. Kaza nobu uone ugumu unaongezeka polepole au unaruka ghafla. Zile zinazokaza kwa sumaku hazina cha kulika. Zinazokaza kwa pedi zitahitaji pedi mpya siku moja, uliza kama zinapatikana.

Tafuta kibandiko kinachoonyesha kikomo cha uzito. Baiskeli nyingi nyepesi hukomea kilo 100 au 110, na wewe labda una kilo 115. Muuzaji hatakutajia hilo.

Umeme usikutishe. Baiskeli za nobu hazihitaji umeme, kioo chake hutumia betri ndogo, hivyo mgao ukija unaendelea gizani. Kwa matengenezo, fundi baiskeli wa mtaani kwako anazijua beringi, cheni na grisi vizuri tu. Mwite. Na kama unaishi karibu na bahari, ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, kwa kuwa jasho na hewa ya chumvi vinaleta kutu upesi.

12. Tepu ya fundi cherehani, na mambo ya kumuuliza daktari

Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, umetoka msalani, kabla ya chai. Kila siku ni kujitesa, maana maji na chumvi peke yake vinaweza kuupandisha mzani kilo nzima. Mara mbili kwa mwezi zungusha tepu kiunoni, usawa wa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kuvuta tumbo. Hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kuna wiki mzani utagoma na tepu ikapungua. Hiyo ni habari njema.

Usitegemee baiskeli iondoe mafuta ya tumbo peke yake. Hakuna zoezi linalochagua mahali. Mwili hutoa mafuta unakotaka wenyewe. Vilevile baiskeli haiijengi mifupa wala mikono, kwa kuwa umekaa. Siku mbili kwa wiki chuchumaa na kuinuka, piga pushapu ukiegemea ukuta au meza, nyanyua ndoo yenye maji. Na utembee kwa miguu sehemu za karibu.

Kabla ya kuanza, muone daktari kama una presha, ugonjwa wa moyo, kisukari, au umejifungua karibuni. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari katikati ya mazoezi. Apime kabla ya kupanda, na awe na sukari au juisi mkononi. Yeyote akisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au maumivu yanayokwenda mkono wa kushoto au taya, ashuke na atafute msaada papo hapo.

Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wakanyage kwa upole nusu saa kabla ya magharibi, maji na tende zikiwa karibu kufika, au wasubiri baada ya tarawehe. Mawimbi makali yasubiri Idi.

13. Ukifika unakotaka, endelea

Utaumwa malaria. Utasafiri kwenda msibani. Wiki tatu zitapita hujaigusa. Ukirudi, usianzie ulipoachia. Anza na dakika 15 siku mbili tatu, kisha panda.

Na siku nguo za zamani zitakapokukaa, usiiuze baiskeli wala kuipeleka stoo. Kuzuia uzito usirudi kunahitaji jitihada kuliko watu wanavyodhani: wataalamu wa mazoezi hupendekeza dakika 200 hadi 300 kwa wiki kwa aliyekwisha kupungua. Kwa hiyo tangu mwanzo chagua ratiba ambayo ungeweza kuishi nayo miaka mitano ijayo. Kama ni nusu saa ya jioni mbele ya taarifa ya habari, iwe hiyo.

Leo, kabla hujapakua chakula cha jioni, rekebisha kiti na ukanyage dakika 10. Kesho kutwa panda tena, saa ile ile.